Kisukari cha Paka wa Nyumbani: Mwongozo kwa Wafugaji wa Tunduma na Mkoa wa Songwe

Swali linalorudiwa na wafugaji wa paka wa Tunduma, Mlowo na Vwawa ni moja: paka aliyekuwa mnene na mchangamfu ameanza kunywa maji bila kukoma, anakula kuliko zamani, na bado anakonda, je, ni minyoo, ni sumu ya panya, au ni kisukari kama kile cha binadamu? Paka huugua kisukari kwa kweli, na kisukari hicho kinatibika nyumbani kwa uangalizi wa daktari wa mifugo. Hata hivyo, paka wengi wanaokonda katika nyumba na maghala ya mahindi ya mkoa huu wana sababu nyingine, hivyo anayekimbilia insulini kabla ya kupima anaweza kumuua mnyama ambaye vidonge vya minyoo vingetosha kumponya.

Maana ya ugonjwa na walio hatarini

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho, yaani tezi iliyo jirani na tumbo, na kazi yake ni kuiwezesha sukari iliyomo katika damu kuingia ndani ya seli na kutumika kama nguvu. Insulini ikipungua, au mwili ukiacha kuitikia, sukari hubaki katika damu, figo huimwaga kupitia mkojo, mkojo huvuta maji mengi pamoja nayo, na paka hubaki na kiu na njaa huku misuli yake ikiliwa na mwili wenyewe. Kwa paka, ugonjwa huu hufanana zaidi na kisukari cha aina ya pili kinachowapata watu wazima. Hauambukizi paka mwingine wala mtoto anayelala naye.

Walio katika hatari zaidi ni hawa:

- paka wenye umri wa miaka 7 na kuendelea;
- paka wanene, hasa madume waliohasiwa ambao hukaa ndani au dukani siku nzima bila kuwinda;
- paka waliopewa kwa muda mrefu dawa za jamii ya steroidi, kama prednisoloni na deksamethasoni, kwa ajili ya muwasho, vidonda vya mdomo au kikohozi;
- majike waliochomwa dawa za binadamu za uzazi wa mpango, kama Depo-Provera, ili wasipate joto.

Makundi mawili ya mwisho yanastahili kutiliwa mkazo. Sindano ya deksamethasoni hupendwa kwa sababu mnyama huchangamka siku ileile, lakini kwa paka kuirudiarudia ni kumtengenezea kisukari, na mfugaji ana haki ya kuuliza jina la dawa kabla haijachomwa na kuliandika. Paka aliyepata ugonjwa kwa sababu ya dawa hizo anaweza kupona mapema zaidi dawa zikikomeshwa, ingawa steroidi zilizotumika kwa muda mrefu hupunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari.

Dalili, na namna ya kuzipima badala ya kuzikisia

- Kiu isiyo ya kawaida: paka huinama kwenye ndoo, kwenye beseni la vyombo au kwenye dimbwi la uani.
- Mkojo mwingi, mara nyingine mahali asipozoea kukojoa.
- Kukonda, hasa mgongoni na mapajani, ilhali anakula vizuri.
- Manyoya makavu yasiyolambwa.
- Kutembea kwa visigino: miguu ya nyuma hushuka hadi kifundo kugusa sakafu, kwa kuwa mishipa ya fahamu imedhurika, na paka hushindwa kurukia meza aliyokuwa akiirukia.

Kiu hupimwa. Asubuhi mfugaji amimine katika bakuli maji yote ya chupa ya nusu lita, afunike ndoo na mabeseni, amzuie paka asitoke nje, kisha kesho yake saa ileile ayarudishe maji yaliyobaki katika chupa na kusoma upungufu. Paka wa kilo 4 aliyekunywa zaidi ya mililita 200 anatia shaka, na aliyekaribia kumaliza chupa nzima ana tatizo lisilo na ubishi, ijapokuwa kipimo hiki hakitaji tatizo hilo ni lipi. Wakiwa paka wawili, watenganishwe kwa siku hiyo, la sivyo hesabu haina maana. Uzito nao upimwe kila wiki kwa mizani ya dukani, paka akiwa ndani ya kikapu, kisha uzito wa kikapu utolewe.

Wapo wanaotegemea sisimizi, kwamba wakikusanyika penye mkojo basi kuna sukari. Ni ishara ya kumfanya mtu apime, wala si kipimo chenyewe, kwa maana sisimizi hufuata mambo mengi.

Magonjwa yanayofanana na kisukari

Minyoo hukondesha paka anayekula sana, na kwa paka wanaokula panya ndiyo dhana ya kwanza; apewe dawa ya minyoo ya paka kwa uzito wake, na dawa ya ng'ombe au mbuzi isikadiriwe kwa macho. Figo zilizochoka huleta kiu na mkojo mwingi kwa paka mzee, lakini huyu kwa kawaida hukataa chakula. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi humfanya paka mzee ale sana, akonde na kuhangaika. Dagaa wenye chumvi nyingi huleta kiu ambayo hupungua wakiondolewa kwa siku mbili. Sumu ya panya haileti picha hii: zile za kawaida huzuia damu kuganda, na paka hudhoofika ghafla, hupauka fizi na huvuja damu, huyo apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Kuthibitisha: kipimo kimoja hakitoshi

Paka ana tabia inayowapotosha hata wataalamu: akiogopa, akifungwa kwenye kiroba na kupandishwa bodaboda, sukari yake hupanda sana, hata kufikia kiwango cha mgonjwa, kisha hurudi yenyewe. Sukari ya paka mzima aliyetulia huwa takriban milimoli 4 hadi 8 kwa lita, na figo zake huanza kuimwaga katika mkojo inapozidi takriban 15. Kwa hiyo uthibitisho hutafutwa kwa hatua hizi:

1. Mkojo upimwe nyumbani, paka akiwa ametulia, kwa vijiti vilevile vya kupimia mkojo wa binadamu, vyenye sehemu ya sukari na sehemu ya ketoni. Ili kuupata, mchanga wa kwenye trei ubadilishwe kwa kokoto ndogo zilizooshwa na kukaushwa, ambazo hazinyonyi mkojo.
2. Damu ipimwe na daktari, na kama kipimo cha juu hakilingani na dalili, irudiwe siku nyingine.
3. Inapowezekana, maabara ipime fruktosamini, yaani protini ya damu iliyoshikamana na sukari, ambayo huonyesha wastani wa sukari wa wiki moja hadi tatu zilizopita na haivurugwi na hofu ya siku moja.

Dalili za siku nyingi, sukari katika mkojo kwa zaidi ya siku moja, na sukari ya juu katika damu vikikutana, ndipo neno kisukari litamkwe.

Nani wa kumwendea

Wataalamu wengi wa mifugo wa Songwe hushughulika na ng'ombe, nguruwe na kuku, na hilo si aibu kwao, ila lina maana kwamba mfugaji atafute daktari mapema, kabla hali haijawa mbaya. Pa kuanzia ni ofisi ya mifugo ya halmashauri, ambako aulize jina la daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, lililo chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, kwa kuwa si kila anayeitwa daktari katika duka la dawa za mifugo amesajiliwa. Jiji la Mbeya liko takriban kilomita 100 kutoka Tunduma, na kwa kesi ngumu lipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, chenye hospitali ya kufundishia ya wanyama. Safari hizo si lazima zifanywe kila wiki. Daktari wa karibu anaweza kufuata ushauri wa simu wa mwenzake, mradi mfugaji anapeleka namba zilizoandikwa, si maneno kama "anaendelea vizuri kidogo".

Insulini: chupa, sindano na baridi

Insulini zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama ni adimu, na daktari mara nyingi huandika ya binadamu. Glajini, inayojulikana zaidi kwa jina la Lantus, huwafaa paka kuliko insulini ya NPH, ambayo kwa paka huisha nguvu mapema. Dozi ya kuanzia kwa kawaida ni yuniti 1 kila baada ya saa 12, na huamuliwa na daktari peke yake. Hapa ndipo penye ajali nyingi.

Insulini ya binadamu huwa na yuniti 100 katika kila mililita, kwa hiyo yuniti 1 ni tone dogo kuliko punje ya mchele. Bomba la insulini la mililita 1, linalopatikana kwa urahisi, kwa kawaida huwa na mistari inayohesabu yuniti 2 kwa mstari, maana yake yuniti 1 iko kati ya sifuri na mstari wa kwanza, mahali ambapo jicho haliwezi kuaminika. Mfugaji aulizie bomba la mililita 0.3 au 0.5, ambalo mstari wake ni yuniti 1 au nusu. Akipata insulini ya wanyama yenye yuniti 40 kwa mililita, ni lazima apate pia bomba lake, lenye kifuniko chekundu, kwa sababu bomba la yuniti 100, lenye kifuniko cha rangi ya chungwa, halilingani nayo na hupotosha dozi.

Kuhusu gharama, chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000, na paka anayechomwa yuniti 1 mara mbili kwa siku hutumia yuniti 56 tu katika siku 28 ambazo watengenezaji huruhusu chupa itumike baada ya kufunguliwa. Kifuko cha mililita 3 cha kalamu ya insulini, chenye yuniti 300, hupoteza dawa kidogo kuliko chupa hiyo. Baadhi ya madaktari huruhusu glajini iliyokaa kwenye friji itumike zaidi ya siku hizo ikiwa bado ni angavu, na swali hilo aulizwe daktari, si muuzaji.

Uhifadhi haufanani mkoa mzima. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, kwani insulini iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Umeme ukikatika Tunduma au Mbozi, kwenye ubaridi wa nyanda za juu, chupa inayotumika huvumilia chumbani. Lakini Kamsamba na bonde la Ziwa Rukwa, kwenye joto kali, ni vyema iwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, katika chungu kidogo kilichozungukwa na mchanga wenye unyevu ndani ya chungu kikubwa, kivulini. Insulini iliyosafirishwa kwenye dashibodi ya basi, au kununuliwa mkononi mwa mtu asiyeweza kuonyesha ilikohifadhiwa, isitumike, iwe imetoka upande huu wa mpaka au Nakonde, upande wa Zambia.

Kuchoma: utaratibu wa kila siku

1. Paka alishwe kwanza. Asipokula, au akitapika, asichomwe dozi kamili, daktari apigiwe.
2. Glajini itazamwe: iwe kama maji safi. NPH huwa na ukungu, na chupa yake hubiringishwa viganjani bila kutikiswa.
3. Dozi ivutwe penye mwanga, na mapovu yaondolewe.
4. Ngozi ya ubavuni au ya karibu na mabega ivutwe juu kama hema, sindano iingie chini ya ngozi, dawa isukumwe, kisha manyoya yaguswe: yakiwa na unyevu, dawa imemwagika nje.
5. Iliyomwagika isirudiwe. Dozi ijayo itolewe kwa saa yake.
6. Sindano iliyotumika iwekwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, na ikijaa ipelekwe kituo cha afya, isitupwe dampo ambako watoto huokota.

Saa 12 asubuhi na saa 12 jioni ni nyakati zinazokumbukwa kwa urahisi, lakini Tunduma ina mtego wake. Saa za Zambia ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa moja, na simu iliyo karibu na mpaka inaweza kushika mtandao wa Nakonde na kujibadilisha, ikalia kengele saa moja baadaye bila mwenyewe kujua. Mpangilio wa saa wa kujibadilisha uzimwe, au itumike saa ya ukutani. Kuchelewa kwa saa moja mara moja moja hakudhuru. Kinachodhuru ni watu wawili wa nyumba moja kumchoma paka mmoja kwa saa mbili tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau. Daftari lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, likiwekwa karibu na insulini, huzuia jambo hilo.

Chakula

Paka ni mla nyama kwa maumbile, na ugali uliolowekwa mchuzi wa dagaa humjaza wanga kuliko anavyouhitaji. Si kwamba kila paka anayekula ugali huugua, kwa maana unene ndio unaolaumiwa zaidi, lakini aliyekwisha kuugua hunufaika wanga ukipunguzwa: samaki, nyama, utumbo wa kuku uliochemshwa, na dagaa waliolowekwa na kumwagwa maji ili chumvi itoke. Maini yawe kidogo, si kila siku. Maziwa na mkate viachwe. Chakula cha paka cha viwandani, hasa cha mikebe, ni kamili zaidi kwa madini na vitamini, na anayekimudu akichague.

Onyo moja ni kubwa: paka aliyezoea insulini akipunguziwa wanga ghafla, dozi ya jana inaweza kuwa nyingi mno leo, kwa hiyo chakula hubadilishwa polepole na daktari akiwa na taarifa. Paka mnene naye asifungishwe chakula ili akonde, kwa kuwa paka asiyekula siku kadhaa huweza kujaza mafuta kwenye ini na kufa.

Sukari inaposhuka

Sukari iliyopanda kwa siku mbili huvumilika, iliyoshuka sana huua ndani ya saa chache. Kanuni hiyo ndiyo inayoamua kila shaka: asiyekumbuka kama amechoma, asichome.

Dalili za kushuka ni kuyumba kama mlevi, kutetemeka, kulegea, macho kuduwaa, na hatimaye degedege. Hatua ni hizi:

- Akiweza kumeza, apewe chakula mara moja.
- Akilegea, asali au maji mazito ya sukari yapakwe kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo. Yasimwagwe mdomoni mwa paka aliyezimia, kwani yataingia mapafuni.
- Akizinduka, alishwe na apelekwe kwa daktari. Dozi inayofuata isitolewe hadi daktari aseme.

Hatari ya upande wa pili ni ketoni, yaani tindikali zinazotokana na mwili kuchoma mafuta kwa kukosa insulini. Paka hukataa chakula, hutapika, hujikunyata, na pumzi yake hunuka kama kisafisha rangi ya kucha. Hiyo ni dharura, na haina dawa ya nyumbani.

Makosa yanayojirudia

- Kumpa paka vidonge vya kisukari vya mzazi au babu. Metformini haijathibitika kumfaa paka, na glibenklamidi inaweza kuishusha sukari yake hadi kumuua.
- Kumpa parasetamoli akionekana ana maumivu. Kwa paka ni sumu, hata kipande cha kidonge.
- Kuongeza dozi kila kipimo kinapokuwa juu. Dozi hubadilishwa baada ya siku kadhaa, si baada ya namba moja.
- Kuamini kipima sukari cha binadamu bila kumweleza daktari kwamba ndicho kilichotumika, ilhali kwa damu ya paka mara nyingi husoma chini ya kiwango halisi. Kinafaa kwa kufuatilia, damu ikichukuliwa pembeni mwa sikio lililopashwa joto kwa kitambaa.
- Kuvuta insulini ya paka kutoka chupa ya mgonjwa wa kibinadamu aliyemo nyumbani, jambo linalochafua dawa ambayo maisha ya mtu yanaitegemea. Chupa ya paka iwe yake.

Mashaka ya wafugaji

Wapo wanaouliza kama ni haki kumnunulia paka insulini ilhali wapo watu wanaoikosa. Shaka hiyo ni ya heshima, na jibu lake ni kwamba paka asichukue dawa iliyogawiwa wagonjwa kituoni. Anayeinunua famasi kwa fedha yake na kwa cheti cha daktari hajamnyang'anya mtu. Wengine huuliza habari za vidonge vya paka. Vipo: Marekani iliidhinisha bexagliflozini mwezi Desemba 2022, lakini dawa ya jamii hiyo haipewi paka aliyewahi kutumia insulini, na hudai ketoni zifuatiliwe kwa karibu, hivyo si njia ya mkato.

Mfanyabiashara anayesafiri kwenda Mbeya au Lusaka kila wiki amfundishe mtu mwingine kuchoma kabla hajaondoka, na paka asiyekamatika kwa sababu hulala maghalani awekwe ndani, la sivyo matibabu hayawezekani. Na asiyemudu gharama, au ambaye paka wake ameshuka hadi kuteseka, anaweza kumwomba daktari ampumzishe mnyama kwa sindano; hilo ni afadhali kuliko kumtupa sokoni au kumwachia sumu, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili huo.

Paka waliotibiwa mapema, wakapunguziwa wanga na kupungua uzito taratibu, baadhi yao huacha kuhitaji insulini, mara nyingi ndani ya miezi sita ya kwanza. Uamuzi wa kusitisha ni wa daktari baada ya kuona vipimo vilivyoshuka mfululizo, na hata baada ya hapo mkojo uendelee kupimwa kila baada ya wiki mbili, kwa kuwa kisukari hicho hurudi kwa baadhi yao bila kutoa taarifa.